Steringi wa Wakaliga: Utamu wa filamu za mateke zinazopikwa uani

*Filamu ya kung fu iliyogharimu chini ya dola 200 imeufikisha mtaa mmoja wa Kampala kwenye kumbi za Toronto na Kassel. Maswali yaliyobaki ni mawili: nani analipwa, na nani anazitunza kazi hizi?*

Kijana anaruka, anageuka hewani, na mguu wake unapita kando ya shavu la mwenzake bila kuligusa. Aliyepigwa anajitupa vumbini, anagaagaa, kisha anainuka na kujikung'uta ili warudie. Kishindo cha teke hakijasikika bado. Kitawekwa baadaye kwenye kompyuta. Watoto wa jirani wamesimama pembeni wakisubiri zamu yao ya kufa.

Katika ua wanamochezea kuna helikopta. Imeungwa kwa vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso, haina injini wala haijawahi kuinuka ardhini. Nyuma yake kikitandazwa kitambaa cha kijani, itaruka juu ya maghorofa ya Kampala.

Hivyo ndivyo zinavyopigwa filamu za Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika mji mkuu wa Uganda. Hapo ndipo ilipo Ramon Film Productions, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2005 na Isaac Nabwana, ambayo dunia imezoea kuiita Wakaliwood. Filamu yake ya mwaka 2010, *Who Killed Captain Alex?*, inatajwa kuwa ilitumia chini ya dola 200 za Marekani. Robert Rodriguez alisifiwa duniani kwa kutengeneza *El Mariachi* kwa takriban dola 7,000 mwaka 1992. Kwa fedha hizo, Wakaliga ingetoa filamu zaidi ya thelathini.

Wengi huanza kuzitazama filamu hizi kwa sababu ya uchache huo wa fedha. Lakini umaskini peke yake haujawahi kumkalisha mtu mbele ya skrini kwa saa nzima. Kuna kitu kingine kinachomshika mtazamaji, na kinafaa kuchunguzwa kwa makini kabla ya kuulizwa nani anafaidika nacho.

Mfyatua matofali aliyejifunza kuhariri

Nabwana alikulia Wakaliga katika miaka ya Idi Amin na ya vita vilivyofuata. Utotoni hakuwa akienda kwenye vibanda vya video. Kaka yake ndiye aliyekwenda, na akirudi alimsimulia picha nzima: nani alimpiga nani, gari lililipuka vipi, adui alikufaje. Nabwana alizijua sinema kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho.

Ukubwani alifyatua matofali, na kazi hiyo ndiyo iliyompa mtaji wa vifaa. Alijiandikisha kwenye kozi ya kompyuta lakini hakuimaliza. Mengine alijifunza mwenyewe, pamoja na kuunganisha kompyuta kutokana na vipuri. Mkewe, Harriet, ni mzalishaji na mhimili wa shughuli nzima.

Waigizaji wake ni majirani na vijana wanaotoka mbali kumfuata. Hujitolea, na mavazi huja nayo wenyewe. Bunduki hutengenezwa kwa mbao na mabomba. Damu ilianza kwa kuwa ya ng'ombe, hadi ilipoleta ugonjwa ndipo wakahamia maji yaliyotiwa rangi ya chakula. Hujazwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya shati. Ikipasuliwa kwa wakati, risasi imeingia.

Bruce Li, Bruce Le, Bruce U

Kwa nini mateke, na si mapenzi au vichekesho vya nyumbani? Jibu la kwanza ni la hesabu. Mapigano ya magari yanahitaji magari, na vita vya angani vinahitaji ndege. Teke linahitaji mguu uliofanyiwa mazoezi. Katika mtaa ambao umeme hukatika na fedha hazipo, mwili ndio kifaa pekee ambacho kila kijana anacho tayari, na akikinoa mwaka mzima kinaweza kufanya jambo ambalo mwenye fedha hawezi kulinunua dukani.

Jibu la pili ni la historia. Bruce Lee alifariki dunia tarehe 20 Julai 1973, wiki chache kabla *Enter the Dragon* haijatoka. Watayarishaji wa Hong Kong na Taiwan walianza mara moja kutafuta watu wa kuziba pengo. Wakatokea Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee na wengine wengi, katika filamu zilizopigwa haraka kwa fedha kidogo. Zilisambaa Asia na Afrika kwa sababu zilikuwa rahisi kukodi.

Afrika Mashariki ilizipokea kwa mikono miwili. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1970, picha za kung fu zilijaza kumbi za mjini, na watu walikwenda hata Drive-in, uwanja wa sinema wa wenye magari uliofunguliwa mwaka 1966, mahali ambapo leo umesimama Ubalozi wa Marekani. Televisheni haikuanza Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Kwa kizazi kizima, Bruce Lee alikuwa mkubwa kama ukuta wa jengo. Mtu mfupi, asiye na bunduki, anawashinda wengi wenye silaha. Kijana wa Kariakoo au wa Katwe ya Kampala hakuhitaji mkalimani kuelewa hilo.

Ndipo anapoingia Charles Bukenya wa Wakaliga, mwalimu wa kung fu anayejulikana kwa jina la Bruce U, yaani Bruce wa Uganda. Katika *Who Killed Captain Alex?* anaigiza kama mtawa wa Shaolin, ndugu wa Kapteni Alex, anayerudi kumsaka muuaji. Genge la Tiger Mafia linamkuta mikono mitupu. Anavyoruka na kutua si kazi ya kompyuta. Ni matunda ya miaka ya mazoezi, na kila anayetazama analiona hilo.

> Teke linahitaji mguu uliofanyiwa mazoezi. Katika mtaa usio na fedha, mwili ndio kifaa ambacho kila kijana anacho tayari.

Teke linavyopikwa

Ukilitazama pigo moja kwa karibu, unakuta kazi ya watu wanne.

Wa kwanza ni mpigaji. Anajua kupitisha mguu kwenye mstari ambao kamera itadanganyika. Kamera ikiwa nyuma ya bega la mpigwaji, nafasi kati ya mguu na uso haionekani, na teke lililokosa kwa shibiri nzima huonekana limefika.

Wa pili ni mpigwaji, na huyu ndiye anayebeba uongo wote. Akichelewa kugeuza shingo, pigo limekufa. Akiwahi, watu watacheka. Hana godoro la kuangukia. Anaangukia udongo uleule ambao watu huupita kwenda sokoni.

Wa tatu ni mhariri. Hukata picha kabla tu mguu haujapita shavu, na kuunganisha na picha ya mtu akianguka. Katikati ya vipande hivyo viwili ndimo lilimo pigo, ingawa hakuna kamera iliyowahi kulinasa.

Wa nne ni mtu wa sauti. Studio za Hong Kong, ikiwemo Shaw Brothers, zilizoea kuingiza sauti zote baada ya kupiga picha: mazungumzo, upepo wa ngumi, kishindo cha kifua. Masikio ya watazamaji wa Afrika Mashariki yalilelewa na vishindo hivyo. Wakaliga wanafuata njia hiyohiyo, tena wakiongeza chumvi, kiasi kwamba ngumi moja husikika kama mlango wa bati uliobamizwa.

Katika filamu ya fedha nyingi kazi hii yote hufichwa. Katika filamu ya uani inaonekana, na hapo ndipo penye utamu. Mtazamaji anaona pigo, na papo hapo anaona watu waliolitengeneza. Anamshangilia steringi ndani ya hadithi, na wakati huohuo anamshangilia kijana aliyethubutu kujirusha chini bila godoro. Furaha hizo mbili zinakuja pamoja, na ni filamu chache za mamilioni ya dola zinazoweza kutoa hiyo ya pili.

Sauti ya mtu wa maikrofoni

Kuna mtu wa tano. Katika vibanda vya video vya Uganda, VJ hushika maikrofoni na kuitafsiri picha kwa Kiganda huku inaendelea. Hueleza, hutania, huwaonya waigizaji kwamba adui yuko nyuma ya mlango. VJ Jingo na VJ Junior ni majina ya nyumbani huko.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa sana. Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye mikanda yake ya picha za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili iliingia kwenye vibanda umiza na sebule nyingi. Kenya ina DJ Afro, ambaye kwa watazamaji wengi ndiye hasa sababu ya kuitazama picha ya kivita kwa mara ya tatu.

Wakaliga imemwingiza mtu huyu ndani ya filamu yenyewe. VJ Emmie anasikika kuanzia mwanzo hadi mwisho wa *Who Killed Captain Alex?*, akiwatambulisha waigizaji, akiwapigia debe na kuwahakikishia watazamaji kwamba Uganda nzima inajua kung fu. Mahali ambapo picha imepwaya, yeye anaikaza. Mtazamaji wa Finland au Brazil anayeitazama usiku peke yake chumbani anajikuta amekaa kwenye benchi la kibanda, katikati ya watu.

Kutoka Kampala hadi Toronto

Kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa YouTube mwanzoni mwa 2010 na kikatazamwa mara nyingi mno. Mmoja wa waliokiona ni Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyekuwa akifanya kazi na matamasha ya filamu. Mwaka 2011 alipanda ndege kwenda Kampala kumtafuta Nabwana, na hatimaye akahamia huko. Watu wa Wakaliga walimpa jina la Ssali, wakamfanya mwigizaji.

Mwaka 2015 kampuni iliomba dola 160 kwa njia ya uchangishaji wa mtandaoni ili kutengeneza filamu nyingine. Zilikuja zaidi ya dola 13,000. Mwaka huohuo *Who Killed Captain Alex?* ikawekwa YouTube nzima, bila malipo, na imetazamwa na mamilioni.

*Bad Black*, ambamo Hofmanis anaigiza kama daktari anayefundishwa ukomando na mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016. *Crazy World*, ambamo watoto waliotekwa wanajikomboa wenyewe kwa kung fu, ilionyeshwa usiku wa manane katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022, Wakaliga ilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta huko Kassel, Ujerumani, ikapeleka *Football Kommando*.

> Iliomba dola 160. Zilikuja zaidi ya dola 13,000.

Wanacheka nini?

Umaarufu huo umeleta mabishano, na pande zote zina hoja.

Wapo watengenezaji filamu wa Kiafrika wanaoumia wakiona kazi zao za miaka, zenye mwanga mzuri na hadithi iliyopangwa, hazialikwi popote, huku bara zima likitambulishwa kwa mabomu ya kompyuta na damu ya rangi. Wanauliza: hadhira ya Toronto ingemshangilia kijana wa Ujerumani aliyetengeneza filamu mbovu hivyo? Au inashangilia mabati, vumbi na mtaro wa maji machafu? Swali hili halina budi kusikilizwa. Kuna watazamaji wa mtandaoni wanaocheka kwa dharau, na maoni yao hayajifichi.

Wapo pia wazazi wanaosumbuliwa na watoto kushika bunduki, hata kama ni za mbao, katika nchi iliyomwaga damu nyingi ya kweli.

Nabwana amekuwa akieleza kwamba anafanya vichekesho kwa makusudi. Aliyekulia katika vita anajua vita halisi vikoje, na filamu zake hazifanani navyo. Filamu zenyewe zinamuunga mkono. *Who Killed Captain Alex?* haijibu kamwe swali lililo kwenye jina lake, na VJ anajua. Katika *Bad Black*, mhusika mwenye jina hilo anamwibia mzungu, na mzungu anafundishwa kupigana na mtoto. Waliotengeneza hayo walijua wanachofanya, na kicheko walikipanga wao kabla mgeni hajafika.

Ushahidi mzito zaidi uko mtaani. Filamu hizi zilikuwa na watazamaji Kampala kabla Hofmanis hajakata tiketi. Zilitengenezwa ili jirani amwone jirani akiwa komando. Kundi la watoto la Waka Starz hufanya mazoezi ya viungo na mapigano, hujifunza kusimama mbele ya kamera, na wakubwa kati yao wameshika kamera wenyewe. Kuziita mbovu filamu hizi ni kuzipima kwa rula ambayo hazikuikubali. Kipimo chake ni kama mtu wa kibandani amesimama kwenye benchi au la.

Nusu kwa muuzaji

Upande wa fedha, hakuna kicheko.

Kwa miaka mingi mapato yalitokana na diski zilizouzwa mkono kwa mkono. Waigizaji walizibeba nyumba kwa nyumba, wakati mwingine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu, na kila mmoja alibaki na nusu ya alichouza. Ilibidi wakimbie: ndani ya wiki moja hivi nakala za wizi zilikuwa zimejaa mjini, na soko limekwisha. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, lakini sheria hiyo haikuwa na mbio za kumfikia mtu mwenye kompyuta na boksi la diski tupu.

Wakaliga nayo ina deni lake hapa. Katika *Who Killed Captain Alex?* unasikika wimbo *Kiss from a Rose* wa Seal, uliopigwa kwa filimbi. Utamaduni mzima wa ma-VJ umesimama juu ya filamu za watu wengine. Walioibiwa na walioazima bila kuuliza ni haohao, na mazungumzo ya haki za wasanii Afrika Mashariki yatakuwa ya kweli yakianzia hapo.

YouTube ilipanua hadhira lakini haikutatua malipo. Filamu inayotazamwa bure huleta fulana zinazouzwa, michango na mialiko, na vitu hivyo humfikia zaidi mwenye jina kuliko kijana aliyeanguka vumbini. Filamu ya hali halisi ya Cathryne Czubek, *Once Upon a Time in Uganda* ya mwaka 2021, inaonyesha hata mvutano uliowatenganisha Nabwana na Hofmanis kwa muda kuhusu kampuni ielekee wapi. Urafiki wa watu wawili ulibebeshwa kazi ya soko, msambazaji na mwanasheria kwa pamoja, na ukaelemewa.

Filamu iliyofutwa

Kuna hasara nyingine, na hii haina dawa. *Who Killed Captain Alex?* ya awali, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Kilichosalia duniani ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, lililokuwa limehifadhiwa kwenye DVD.

Hakuna wa kulaumiwa kwa uamuzi huo. Mtu alikuwa na kompyuta moja, na filamu iliyouzwa wiki moja haikuwa na thamani ya kesho. Lakini mwaka 2019 hifadhi ya Marekani inayoshughulikia filamu za aina hii, American Genre Film Archive, ilitoa *Who Killed Captain Alex?* na *Bad Black* kwenye diski za Blu-ray. Filamu iliyofutwa Kampala kwa kukosa nafasi imetunzwa Texas.

> Kilichosalia ni toleo lenye sauti ya VJ, lililokuwa kwenye DVD.

Tanzania haina sababu ya kuitazama Uganda kwa huruma. Katika miaka ya 2000, Jimmy Mponda, aliyejulikana kama J-Plus, aliwasha moto kwa filamu za *Misukosuko*, na Sebastian Mwanangulo akawa Inspekta Seba kwa nchi nzima. Vijana wa mitaa mingi walipiga zao kwa kamera za kuazima na kuziuza kwenye kanda za VHS, baadaye VCD. Kanda ya VHS huliwa na joto, unyevu na ukungu, vitu ambavyo Pwani ya Afrika Mashariki inavyo tele. VCD hukwaruzika. Kila masika inayopita inaondoka na baadhi.

Bodi ya Filamu Tanzania hukagua na kuweka filamu katika madaraja kabla hazijaonyeshwa hadharani. Maana yake filamu hupita mezani kwake, na kuagiza nakala moja ya kudumu ibaki hifadhini, zikiwemo zile za mateke zilizopigwa uani, kungehitaji kanuni na diski ngumu chache. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, inayoandaa Tamasha la Filamu la Uganda tangu 2013, inaweza kufanya vivyo hivyo na kuanza na Wakaliga. Kwa zilizotoka zamani, kazi iko kwa wenye kanda: waliozinunua, waliozikodisha, waliocheza ndani yake. Mashine ya kuchezea VHS bado inapatikana kwa mafundi wa redio na televisheni, na kebo ya kuiunganisha na kompyuta inauzwa madukani. Anayenakili aandike pia majina ya walioonekana kwenye picha, kuanzia steringi hadi wale waliopigwa na kuanguka, kwa sababu siku malipo yatakapopatikana, orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha nani wa kulipwa.